Manesi Waliosoma Bila ya Kuacha Zamu

Mnamo mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya, na kampuni ya Accenture iliyotoa ujuzi wake wa mitambo, lilianzisha jambo ambalo hata leo lina watu wanaolitilia shaka, nalo ni kuwasomesha manesi kwa kompyuta wakiwa kazini, kila mmoja katika hospitali yake au zahanati yake, pasipo kumng'oa Lodwar wala Wajir kumleta Nairobi. Waliokusudiwa ni wauguzi wa cheti wapatao 22,000, ambao ndio waliokuwa wengi kuliko daraja nyingine yoyote ya kazi hiyo nchini, na azma ilikuwa kuwafikisha kwenye stashahada kwa muda wa miaka mitano. Miaka mitano ilikwisha na azma haikutimia. Walakin maelfu waliingia katika masomo yale na maelfu wakafuzu, jambo ambalo vyuo vya bweni, kwa nafasi chache vilizokuwa nazo, visingaliweza kulifanya hata kwa miongo mingi.

Mazoea ni kuisifu kompyuta kwa natija hiyo, na baada ya kompyuta simu, na baada ya simu intaneti. Mimi siikatai sifa hiyo, illa naiona kuwa ni nusu ya habari. Ukiifuatilia historia ya mfanyakazi anayesoma akiwa mbali na mwalimu, tangu zama za barua za posta hadi hivi leo, utakuta kwamba chombo kilibadilika mara nyingi na jambo moja halikubadilika: waliofika mwisho ni wale ambao, pamoja na uhuru wa kusoma kwa mwendo wao wenyewe, walikuwa na mtu aliyejua kwamba wamechelewa na akawauliza kwa nini.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba uuguzi, tofauti na sheria au hesabu, ulianza kufundishwa mahali pale pale pa kazi. Florence Nightingale alipofungua chuo chake katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, wanafunzi walikuwa ndio watumishi wa wodi, wakilala katika nyumba ya manesi chini ya macho ya matroni, wakiamka kwa kengele na kujifunza kutandika kitanda kwa kukitandika. Mtindo huo ndio uliosafiri na wamisionari na serikali za kikoloni hadi kwetu. Huko Mengo, Uganda, ambako Albert Cook alianzisha hospitali mwaka 1897, mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuolewa, ndiye aliyesimamia mafunzo ya wakunga wa Kiafrika, na chuo chao kikapata jina mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890, Dar es Salaam ilipata hospitali kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyewakopesha na kuwapakilia mizigo wasafiri wengi wa bara. Katika hospitali za namna hiyo, katika miongo iliyofuata, walipikwa madresa wa Kiafrika, watu waliosoma kwa kufunga vidonda na kuchemsha vyombo, na ambao majina yao hayamo vitabuni ijapokuwa mikono yao ilipita juu ya wagonjwa wengi kuliko ya daktari yeyote.

Basi kusoma huku unafanya kazi hakukuwa bidaa katika uuguzi. Kilichokuwa kigeni ni kusoma ukiwa mbali na mwalimu, kwa kuwa kazi hii hutaka jicho la mtu likutazame unapoingiza sindano.

Masomo ya mbali yenyewe yalizaliwa na stempu. Uingereza ilipoweka stempu ya peni moja mwaka 1840, Isaac Pitman aliona mara moja kwamba angeweza kufundisha hati yake ya mkato kwa posta, akimpelekea mwanafunzi zoezi na kulirudisha likiwa limesahihishwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiopata kukaa katika darasa lake hata siku moja, na kwa mlango huo wakapita, kwa muda wa zaidi ya karne, makarani, walimu na mahakimu wa makoloni yote. Palitokea vyuo vya barua vilivyowatayarisha watu hao, kama vile Wolsey Hall cha Oxford kilichoanza mwaka 1894. Afrika ya Mashariki ilikuwa na wateja wengi wa vyuo vya namna hiyo: karani wa bandarini Mombasa au mwalimu wa shule ya kati Tabora, aliyelipia masomo kwa hawala ya posta, akangoja bahasha ije na meli, akajibu maswali usiku kwa taa ya kandili, kisha akangoja tena wiki kadhaa kujua alikosea wapi. Hata Nelson Mandela, aliyesoma sheria kwa njia hiyo akiwa kifungoni, alipata shahada yake mwaka 1989 tu, akiwa bado hajaachiwa. Na mtu akisema kwamba mfungwa ana wakati mwingi wa kusoma, namshauri aliulize gereza.

Hapa sina budi kugeuka kidogo pwani, maana hudhaniwa kwamba kusoma kwa mwendo wa mtu mwenyewe ni uzushi wa Wazungu au wa Wamarekani. Katika chuo cha Kurani cha Lamu, Unguja au Bagamoyo, watoto walikaa ukumbi mmoja, mmoja yumo katika alifu, wa pili amefika juzuu ya Amma, wa tatu anakaribia kuhitimu, na hapana aliyemngoja mwenziwe wala aliyeburutwa na mwenziwe. Vivyo hivyo katika darsa za watu wazima, baina ya magharibi na isha au baada ya isha, aliyeshinda juani akiunda mashua au akiuza duka aliketi na kitabu chake cha fiqhi, na masomo yakaendelea miaka kumi au ishirini bila ya mtu kuuliza muhula unakwisha lini. Lakini mwendo huo wa hiari ulikuwa na kizingiti chake: mwanafunzi hakusonga mbele hadi mwalimu amsikilize, na asiyeonekana siku tatu aliulizwa habari zake msikitini na sokoni. Mwishowe ijaza, yaani idhini ya kufundisha, haikutolewa ila kwa aliyesomewa na aliyesoma mbele ya sheikh wake.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya zilijikuta na upungufu wa watu wenye ujuzi na umaskini wa madarasa kwa pamoja, na hapo masomo ya barua yakaacha kuwa ni shauri la mtu binafsi na kuwa ni siasa ya nchi. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, kilifungua kitengo cha masomo ya barua huko Kikuyu kwa ajili ya walimu wa msingi waliokuwa madarasani bila ya sifa zilizotakiwa. Mwalimu alipokea vijitabu kwa posta, akasikiliza vipindi vya Sauti ya Kenya, kisha wakati wa likizo akakutana na wakufunzi wake uso kwa uso. Mwaka huo huo Makerere ilianza masomo ya barua ya kwake. Tanzania ikafuata kwa taasisi ya masomo kwa njia ya posta mwaka 1972, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Lakini kwa mtu wa afya, mfano mkubwa wa zama zile ni kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambayo kwa maoni yangu haijapata kuandikwa kadiri inavyostahili. Redio Tanzania ilitoa vipindi juu ya malaria, kichocho, kuhara damu na usafi wa maji, na inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni mbili waliwasikiliza wasomaji wa vipindi hivyo. Kusikiliza redio si kazi. Kila mtu husikiliza redio na kusahau. Waliopanga kampeni hiyo walilijua hilo, wakawakusanya wasikilizaji katika vikundi vidogo vidogo, kila kikundi na kiongozi wake aliyefunzwa kabla na kijitabu chake mkononi, wakasikiliza pamoja chini ya mwembe au katika ofisi ya chama cha TANU, kisha wakabishana, kisha wakainuka kwenda kuchimba choo. Hesabu ya vyoo vilivyochimbwa katika miezi ile iliwashangaza waliopanga wenyewe. Sauti ilitoka mbali, lakini aliyekuuliza wiki iliyofuata kama shimo lako limekwisha alikuwa ni jirani.

AMREF nayo, iliyoasisiwa mwaka 1957 na madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, ilikuwa na uzoefu wa muda mrefu wa kuzungumza na watu wa mbali kabla ya kompyuta. Madaktari wake wa ndege walikuwa na redio za mawimbi zilizoziunganisha hospitali za misheni na Nairobi, ambapo sista aliye peke yake mahali pasipo barabara aliweza kuuliza kipimo cha dawa na kujibiwa saa ile ile. Katika miaka ya 1980 shirika liliongeza masomo ya barua kwa watumishi wa afya wa vijijini. Yaani hata kabla ya kuja kwa skrini palikuwepo watu waliojua kwamba nesi wa zahanati akiuliza swali, swali lake mara nyingi lina mgonjwa nyuma yake, na kwamba jibu la wiki tatu baadaye ni jibu la maiti.

Hali ya nesi wa cheti ndiyo iliyolifanya jambo hili kuwa la dharura. Ukoloni ulikuwa umeuacha uuguzi katika matabaka mawili, wale waliosajiliwa kwa masomo kamili, na wale walioandikishwa kwa masomo mafupi zaidi ili wasaidie; na baada ya uhuru msaidizi huyo, kwa kuwa alikuwa ndiye aliyekubali kwenda bara, akajikuta ndiye mwenye zahanati. Kenya iliweza kutoa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Eunice Muringo Kiereini, aliyeushika wadhifa huo toka 1981 hadi 1985, ilhali katika miaka hiyo hiyo muuguzi wa cheti huko Kitui alikuwa akizalisha, akichanja, akitibu malaria na kuandika taarifa ya mwezi, yote kwa ujuzi aliotoka nao chuoni akiwa kijana. Kisha ukaja ukimwi, ambao wengi wao hawakufundishwa, na zikaja sera za kubana matumizi za miaka ya 1990 zilizofunga mlango wa ajira, hata nesi aliyestaafu au aliyehamia Uingereza hakuwekewa badala. Kumtoa nesi wa cheti wodini kwa miaka miwili au zaidi ili akasome maana yake ilikuwa ni kuifunga wodi.

Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vile vyumba vya kompyuta katika hospitali za wilaya na za misheni. Mwanzoni masomo yalikuja katika sidi, kwa kuwa intaneti ya mwaka 2005 nje ya miji haikuwa ya kutegemewa, na chumba kimoja kilikuwa na kompyuta chache kwa wanafunzi wengi. Mtu aliyetoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, viatu vyeupe bado miguuni na macho mekundu, aliingia kusoma somo la magonjwa ya akili au la utafiti kabla ya kurudi nyumbani kuwapikia watoto, na umeme ukikatika katikati ya zoezi hakuwa na la kufanya ila kufungua daftari. Wengi walikuwa hawajapata kushika panya wa kompyuta, hivyo somo la kwanza, kabla ya fiziolojia na kabla ya uongozi, lilikuwa ni jinsi ya kuuwasha mtambo.

Walakin chumba hicho kilikuwa nusu tu ya chuo. Kila mwanafunzi aliandikishwa katika chuo cha uuguzi chenye wakufunzi, aliitwa kwa nyakati maalumu kwenda kufanya mazoezi ya mikono, alipelekwa katika wodi nyingine asizozizoea, na mwishowe alifanya mtihani wa Baraza ule ule unaofanywa na aliyesoma bwenini. Nalo jambo la kutazamwa kwa karibu hapa ni kile kitabu cha mazoezi ya vitendo. Ukikifungua utakuta jedwali: jina la kazi, mathalan kumtazama mama mjamzito, kuzalisha, kumhudumia mtoto mchanga asiyepumua, kumtayarisha mgonjwa wa upasuaji, mbele yake idadi inayotakiwa, na mbele ya hiyo nafasi ya tarehe na saini ya msimamizi. Nesi wa cheti aliyekwisha kuzalisha mama mia tano katika maisha yake alilazimika kusimama mbele ya mwenzake wa stashahada, pengine aliyezaliwa siku ile yeye anaajiriwa, azalishe tena, na asainiwe. Wako waliouona huu ni udhalili. Mimi nauona kuwa ndio uti wa mgongo wa mpango mzima, kwa sababu saini ile haikupatikana kwa kubonyeza kitufe usiku wa manane. Ilimlazimu mwanafunzi kuonekana na mtu, na ilimlazimu msimamizi kumtazama.

Kulikuwapo njia nyingine. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kuwasomesha wauguzi waliokwisha ajiriwa katika Kenya, Uganda na Tanzania, wakihudhuria darasani siku chache za wiki na kurudi kazini siku zilizobaki. Kwa aliye Kampala, Nairobi au Dar es Salaam sijui njia iliyo bora kuliko hiyo. Lakini kwa nesi wa Mandera ni sawa na kuambiwa kwamba karamu iko tayari, mradi ufike kwa miguu.

Uhuru mkubwa zaidi wa mwendo ulitafutwa Marekani, nako ndiko waliko leo ndugu zetu wengi walioanza kwa kuwaogesha wazee katika nyumba za matunzo na wakapanda daraja moja baada ya jingine hadi uuguzi kamili. Mwaka 1971 jimbo la New York lilianzisha mpango wa shahada za nje, ulioitwa Regents, ambao haukujali ulisomea wapi wala kwa muda gani. Ulichotaka ni mtihani. Katika uuguzi mtihani huo ulimalizikia hospitalini, siku mbili na ushei, mbele ya wagonjwa wa kweli na mtahini aliyesimama kando na karatasi yake, na walikuwapo watu waliojifunza peke yao miaka kadhaa wakaangukia hapo. Mwaka 1997 magavana 19 wa majimbo ya magharibi waliasisi chuo cha Western Governors, kinachofundisha kwa mtandao tu, ambapo muuguzi aliyesajiliwa hulipa ada moja kwa kila miezi sita na kuruhusiwa kumaliza masomo mengi kadiri awezavyo katika muda huo. Tangu taarifa mashuhuri ya mwaka 2010 ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipopendekeza kwamba asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ifikapo 2020, hospitali nyingi za huko ziliifanya shahada kuwa sharti la kupandishwa cheo, na Wakenya na Watanzania wa Dallas na Minneapolis wakafanya hima kama wengine.

Ada ya miezi sita ni fadhila kwa mwenye kasi na ni mtego kwa anayesita. Aliyetenga masaa yake na kuanza na somo analoliogopa, badala ya kulimbikiza mepesi ili ajione anasonga, humaliza kwa mihula michache na kulipa kidogo. Anayesubiri wiki yenye nafasi hulipa muhula baada ya muhula, kwa kuwa wiki hiyo haiji katika nyumba yenye watoto, zamu za saa kumi na mbili, na jamaa wa nyumbani wanaopiga simu kuomba karo. Na hata chuo hicho, kilichouza mwendo huru kuliko vyote, kiliona haja ya kumpa kila mwanafunzi mlezi wake wa kumpigia simu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kumuuliza amefika wapi.

Huko Kenya, AMREF sasa ina chuo kikuu chake, na wenye stashahada huingia humo kutafuta shahada kwa njia ile ile ya mtandao, ilhali wengi wao hawakai tena katika chumba cha kompyuta, maana simu ya mkononi imekuwa ndiyo darasa. Kilichobaki bila ya kutengenezwa ni upande wa mwajiri. Mtu akienda bwenini hupewa ruhusa ya masomo kwa barua yenye muhuri. Anayesoma kwa mtandao hudhaniwa kwamba hahitaji kitu, kwa sababu hajaondoka, na hivyo muda wake wa kusoma hukatwa katika usingizi wake. Sioni hoja inayoweza kulitetea jambo hilo. Hospitali inapata muuguzi mwenye elimu kubwa zaidi bila ya kumkosa hata wiki moja, na haimrudishii hata siku nne kwa mwezi. Hadi hapo yatakapowekwa masharti ya haki, kila kitu kitazidi kumtegemea msimamizi wa wodi anayepanga ratiba ya zamu, na mwanafunzi ajue kwamba ratiba hiyo huandikwa kabla ya mwezi kuanza, na kwamba tarehe za mtihani na za mazoezi ya vitendo zapaswa kuwa mezani kwa msimamizi kabla kalamu haijashikwa.